Nusu Aliyoniachia Generoza

Wiki niliyoagwa kazini, vijana wangu wa zahanati mlinitundikia zawadi ukutani. Ni bango kubwa la plastiki lenye picha ya mlima na maua pembeni, limeandikwa METHALI ZA WAZEE WETU NA MAANA ZAKE. Methali ni kumi na mbili, zote mlizisikia kinywani mwangu katika miaka sita ya mwisho niliyokaa nanyi. Nilishukuru, nikala keki, nikapiga picha. Kisha nikasoma ile ya saba, na keki nikairudisha sahanini.

"Fimbo inayompiga mke mwenzako, irushe nje ya ua." Chini yake, kwa wino mwekundu: "Maana: Wake wenza wapendane."

Wapendane! Nilitabasamu kwa sababu kamera ilikuwa usoni, lakini nilirudi nyumbani nikiwa nimefura. Methali si vidonge vya kutiwa kwenye bahasha ndogo, kila bahasha na maandishi yake juu, kutwa mara tatu baada ya chakula. Na kati ya zote kumi na mbili mkaenda kuiharibu hiyo. Hiyo ndiyo iliyosemwa nusu katika chumba kilekile mlichotundika bango, ikaachwa hewani, na mtu akapoteza kazi na jina.

Mtu huyo mnamjua kwa jina bila kumjua kwa sura. Nimewasikia, hata ninyi mliokuja juzi, mkimwonya mwanafunzi wa uuguzi: "Angalia usije ukafanya kama Generoza." Hamjui Generoza alifanya nini. Mmelirithi neno kama mlivyorithi mizani ile mbovu. Naandika haya ili msilitamke tena hivyo.

Nianzie mbali kidogo. Mimi ni mzaliwa wa Karagwe, kule mpakani. Bibi yangu mzaa baba alitoka Ankole, upande wa pili wa mpaka, akaja kuolewa kwetu akiwa na Kinyankole chake na methali zake, wala hakuangusha hata moja njiani. Kwao jambo zito husemwa kwa ng'ombe. Maziwa ni undugu, ndama ni mtoto wa watu, na ua, ambao wao huuita orugo, ni mwisho wa nyumba na mwanzo wa dunia. Fimbo, enkoni, ni ya kuchungia, lakini jioni inaingia ndani pamoja na mwenyewe, inaegemezwa ukutani, na kuanzia hapo inaweza kumpiga yeyote. Nilikua nikidhani dunia nzima inasema hivyo.

Kumbe dunia nzima haina ng'ombe. Nilipopangiwa kazi Morogoro, nikashuka stendi na sanduku la bati, nikapanda Uluguru nusu kwa lori na nusu kwa miguu, sikuona hata mkia. Niliona migomba, mashamba ya maharage yaliyosimama wima kana kwamba yanataka kuanguka, na mifereji midogo iliyochongwa ubavuni mwa mlima kupeleka maji kwenye kabichi na karoti. Kila niliyekutana naye alikuwa anapanda au anashuka. Nilifika zahanati, nikapokewa na mwanamke wa makamo mwenye ndoo na tambara.

Huyo alikuwa Bibi Felista, mhudumu. Kwenye orodha ya watumishi jina lake lilikuwa la mwisho, chini hata ya mlinzi. Alipiga deki, alichemsha sindano kwenye sufuria juu ya jiko la mafuta ya taa, alifua mashuka mtoni. Hakujua kusoma. Chuo nilifundishwa na watu wenye vyeti vya kufunika ukuta, na ninawaheshimu, lakini aliyenifundisha kusikiliza ni yeye.

Vifaa vyenyewe vilikuwa vichache: mizani ya kuning'iniza watoto ambayo ilipenda kuongeza nusu kilo, kipembe cha mbao cha kusikilizia moyo wa mtoto tumboni, kipimo kimoja cha presha ambacho Mganga Mfawidhi, mkuu wetu wa zahanati, alikifungia kabatini kama mali ya urithi, na daftari la wajawazito lenye safu nyingi. Safu ya mwisho iliandikwa Malalamiko. Ikumbukeni safu hiyo.

Wiki ya kwanza alikuja mama mmoja mwenye mimba changa. Nikamuuliza shida yake. Akatazama dirishani, akasema taratibu, "Mgomba wenye nguzo mbili…" Akanyamaza. Nikasubiri. Nikadhani amesahau anachotaka kusema. Pembeni, Bibi Felista akainua kichwa juu ya tambara lake, akamalizia, "…huangushwa na ugomvi wa nguzo." Yule mama akashusha pumzi, akaanza kusema kila kitu: mume anataka akajifungulie hospitali mjini, mjomba wake anakataa, na huku juu mjomba ndiye mwenye ukoo, mwenye ardhi na mwenye neno. Wao wanavutana, na yeye anazidi kukonda.

Alipoondoka nikamuuliza Bibi Felista imekuwaje.

"Hapa kwetu, mwanangu, neno zito linabebwa na watu wawili, kama machela. Yeye ameshika mbele. Wewe usiposhika nyuma, mgonjwa haondoki."

"Na nisipoijua hiyo nusu ya pili?"

"Uliza. Niite mimi. Kuuliza si aibu. Ila usinyamaze. Ukinyamaza, amejua umemkataa. Hasemi tena, hata ukimchoma sindano ya kusema."

Basi wanangu, hilo ndilo somo la kwanza, wala halimo kwenye mwongozo wowote mliopewa. Mtu wa huku akikatisha methali katikati, hajasahau. Anakuuliza kama uko upande wake. Na maana ya methali haiko kwenye maneno tu, iko kwa aliyekaa naye chumbani, anayeogopwa na asiyetajwa. Msipojua nani yuko kwenye benchi, hamjui methali. Ndiyo maana bango lenu linanikera: mmeandika maana bila benchi.

Sasa Generoza. Alikuwa nesi mwenzangu, tulitofautiana umri kwa miezi tu. Yeye alikuwa wa hukohuko juu, mtoto wa mlima, na Kiluguru chake kilikuwa kimenyooka. Wagonjwa walimpenda hadi ikawa kero. Mtu akifika akanikuta mimi kwenye meza, anauliza kwa adabu zote, "Shikamoo sista. Na yule mwingine je, yupo?" Jibuni hilo kila siku kwa miaka mitatu mkiwa na moyo mweupe.

Mwanzoni tulikuwa marafiki. Tuliishi nyumba moja ya watumishi, yeye chumba cha kulia, mimi cha kushoto, jiko moja. Asubuhi moja tukiwa tunakunja gozi za kufungia vidonda pamoja na Bibi Felista, nikawasimulia methali ya fimbo. Nikawaeleza ua wa Ankole, ng'ombe ndani, pori nje, na wake wawili katika boma moja. Mume akimpiga mmoja, yule mwingine anaona raha, maana mwenzake ni mshindani wake. Lakini fimbo ikishamaliza kazi inarudi palepale ukutani, hatua tatu kutoka kitandani kwake. Mwenye akili anaichukua wakati bado inampiga mwingine, anaitupa mbali.

Bibi Felista akakunja uso. "Kwa nini airushe? Kwetu tungeitia jikoni tukapikia ugali."

Tulicheka sana. Generoza hakucheka kwa muda mrefu. Aliirudia mara mbili ili aishike, akasema, "Hii siyo ya wake wenza. Hii ni ya kazini." Nawaambia ukweli, aliielewa methali ya bibi yangu kuliko mimi niliyezaliwa nayo.

Baadaye urafiki ulichacha. Sina kisa kikubwa cha kuwapa. Mfawidhi alikuwa na tabia ya kutusifia kwa zamu: leo anamsifu mmoja mbele ya mwenzake, kesho anageuza. Tukaanza kununiana kama wake wenza kweli, tukigombea sifa za mtu ambaye hata majina yetu aliyachanganya. Tukafika mahali pa kupika kwa zamu ili tusikutane jikoni. Leo nikikumbuka naona haya, tena naona hasira, maana yule bwana hakupoteza chochote. Sisi ndio tuliokula ugali wa peke yetu.

Hapo ndipo alipokuja Adelina.

Ilikuwa asubuhi ya kliniki ya wajawazito, foleni imefika kwenye ngazi. Kwenye karatasi ya zamu, kliniki ilikuwa ya Generoza. Lakini alfajiri Mfawidhi alikuwa amemtuma, kwa mdomo tu, ashuke mjini kufuata kasha la chanjo, kwa kuwa mlinzi aliyezoea kulifuata alikuwa mgonjwa. Mimi nikaambiwa nimshikie. Nilikaa kwenye kile kiti nikiwa nimenuna, na kila mama aliyeingia aliuliza yule mwingine yuko wapi.

Adelina alikuwa na mimba ya miezi minane. Alisindikizwa na mjomba wake, mzee mrefu mwenye kofia ya sufu, akakaa kwenye benchi ndani ya chumba, kwani pazia hatukuwa nalo na hakuna aliyeona sababu ya kuwa nalo. Nikampima tumbo, nikasikiliza kwa kipembe, moyo wa mtoto ulikuwa unapiga vizuri. Nikauliza lile swali la safu ya mwisho bila kuinua macho: una malalamiko yoyote?

Akasema, "Mfereji unaovuja chini kwa chini…"

Akanyamaza.

Nilijua ni nusu. Sitaki mtu yeyote anitetee hapa. Nilikuwa na miaka mitatu mlimani, nilijua ananikabidhi machela nishike nyuma. Ila nusu ya pili sikuijua. Bibi Felista alikuwa mtoni na mashuka. Ningeweza kumwambia mzee atupishe kidogo. Ningeweza kusema, mama, sijui mwisho wake, nifundishe. Lakini foleni ilikuwa inatazama mlangoni, nami nilikwisha kuchoka kuwa yule asiyejua. Nikafanya mzaha.

"Mama, mambo ya mfereji kaongee na bwana shamba. Hapa ni kliniki."

Wawili watatu mlangoni walicheka. Adelina naye akatabasamu, lile tabasamu la mtu aliyeshusha mzigo akaambiwa aubebe tena. Mzee hakucheka. Nikaandika kwenye safu ya mwisho, kwa herufi kubwa nilizofundishwa chuo: HANA MALALAMIKO. Mahali pa sahihi sikutia chochote. Nikampa tarehe ya kurudi baada ya wiki nne.

Mchana niliposimulia kwa Bibi Felista kama kichekesho, aliweka beseni chini.

"Shamba hukauka mwenyewe akiutazama," alisema. "Ndiyo mwisho wake. Maji yanaonekana yanapita, kumbe yanaishia chini. Huyo mama anatoka damu. Kidogo kidogo, na hawezi kulitaja mbele ya mjomba. Ameenda upande gani?"

Tulimtuma mtu, lakini kijiji chake kilikuwa mbali kuvuka mabonde mawili, na aliyetumwa akarudi akasema amewaambia wamesikia. Nani aliambiwa, alisema nini, sikufuatilia. Nilijiambia nimefanya wajibu wangu. Neno hilo "nilijiambia" nimelibeba miaka yote hii.

Siku ya tisa aliletwa kwa machela, asubuhi, watu sita wakipokezana. Adelina alikuwa mweupe midomoni. Nilipoweka kipembe tumboni nilisikia moyo wangu mwenyewe tu. Tulimwekea maji ya mshipa, tukampandisha gari la misheni lililokuwa limepanda kuleta saruji, akafikishwa mjini. Adelina alipona. Mtoto hakupona, alikuwa amekwisha kufa kabla hawajavuka bonde la pili. Alikuwa wa kike.

Kabla ya kuondoka na gari, yule mzee alimwambia Mfawidhi mbele yetu sote, bila kupaza sauti: "Alisema. Mimi nilikuwepo kwenye benchi, alisema. Siyo kazi ya mjomba kumalizia neno la kike. Ilikuwa ni ya nesi." Hakujua jina la nesi. Alisema nesi wa kliniki. Akapanda gari, na hakuna aliyemwuliza tena. Wala hakuna aliyekwenda mjini kumwuliza Adelina. Mpaka leo hilo linanichoma: mtu mwenye tumbo lake, mwenye damu yake, mwenye mtoto wake, hakuulizwa.

Badala yake uliitishwa uchunguzi, ambao ulikuwa ni Mfawidhi na karatasi ya zamu. Alihitaji jina kabla wakubwa hawajapanda kutoka mjini, na karatasi ikampa. Kwenye kikao cha asubuhi, katika chumba chenu hicho cha bango, alisimama na daftari mkononi.

"Generoza. Siku ya kliniki ilikuwa yako?"

"Ilikuwa yangu, lakini ulinituma chanjo."

"Karatasi ya ruhusa iko wapi?"

"Ulinituma kwa mdomo, Mfawidhi. Hapo mlangoni."

"Mimi nakuuliza karatasi, wewe unaniambia mdomo. Tunafanya kazi kwa mdomo hapa?"

Watu wazima wanane tulikaa tukimsikiliza mtu anayekana neno lake mwenyewe. Mlinzi aliyekuwa mgonjwa siku ile alikuwepo. Bibi Felista alikuwepo, amesimama kwenye kizingiti na ndoo yake, kwa maana wahudumu hawakuwa na viti kikaoni wala ruhusa ya kusema. Daftari lilikuwa wazi. Herufi kubwa zile, mtu yeyote aliyewahi kuona kadi moja niliyoandika angezitambua. Mfawidhi hakusoma mwandiko. Alisoma zamu.

Generoza hakulia. Alinigeukia. Angeweza kunitaja, na angekuwa na haki. Hakunitaja. Alisema kwa sauti ya kawaida kabisa:

"Fimbo inayompiga mke mwenzako…"

Akaacha hapo, akasubiri.

Yeye aliyetoka mlimani alinipa nusu ya methali ya bibi yangu, kwa desturi ya kwao, mbele ya watu wote. Kilichotakiwa ni maneno manne tu. Irushe nje ya ua. Kisha nisimame niseme mwandiko ni wangu. Nilitazama sakafu. Bibi Felista alikuwa ameipiga deki vizuri asubuhi ile, niliona miguu ya viti ikiakisiwa humo. Kilichokuwa kichwani mwangu, nisamehewe au nisisamehewe, ni kwamba kuanzia kesho hakuna atakayeuliza yule mwingine yuko wapi.

Mfawidhi akauliza, "Ndiyo lugha gani hiyo?" Watu wakacheka kwa woga. Kikao kikaisha.

Alipewa barua ya kuhamishiwa kituo cha mbali sana, na ndani ya barua maneno ya uzembe. Mama yake alikuwa hawezi kitandani, hakuweza kumwacha. Akaacha kazi. Siku anafunga mizigo nilijifanya nina zamu. Bibi Felista ndiye aliyembebea godoro mpaka barabarani. Aliporudi alinikuta jikoni, akaniambia neno moja tu: "Ule moto mngepikia wote."

Hakunichukia, au hakunionyesha. Aliendelea kunifundisha mpaka alipostaafu, na nusu za methali alizonimalizia zinajaza daftari mbili. Lakini hakuwahi tena kuniita mwanangu. Aliniita sista, kama wagonjwa.

Na fimbo? Fimbo haikuwa imechoka. Miezi mitano haikupita, kipimo cha presha kikakutwa kimepasuka ndani ya kabati ambalo ufunguo wake alikuwa nao Mfawidhi peke yake, na barua ya kujieleza ikaja kwangu. Nilipoipokea niliangalia pembeni kutafuta mtu wa kunitetea. Kiti cha Generoza kilikuwa kimekaliwa na msichana mpya asiyejua hata choo kiko wapi. Bibi yangu hakuwa mjinga. Alijua fimbo inasimama wapi ikimaliza kazi.

Miaka mingi ya kati nilifanya kazi mjini, wodi ya wazazi, na sitawachosha nayo. Nilizalisha watoto wengi, niligombana na madaktari wachache. Nilijifunza kumtoa msindikizaji nje kabla ya swali la mwisho, awe mume, awe mjomba, awe askofu. Wanangu, pazia lililopo sasa kliniki nililinunua mwenyewe kitambaa nikalishona, na kila mtumishi mpya nilimkataza kuandika "hana malalamiko" kabla hajakaa kimya dakika moja nzima. Mlinicheka, mkaniita Bibi Dakika. Sasa mnajua dakika ile ilitoka wapi. Miaka sita ya mwisho niliomba mwenyewe nirudishwe mlimani. Nilidhani nikifanya kazi vizuri palepale, deni la moyo litajifuta. Halikujifuta. Kila mlipotamka "kama Generoza" nilikuwa mezani nakoroga chai, na nilinyamaza tena. Nimeihesabu hiyo nayo.

Basi baada ya bango lenu, hasira ilinipeleka mjini, mtaa wa Kilakala. Nilikuwa nasikia Generoza anashona sketi na mashati ya wanafunzi kwenye kibaraza cha nyumba ya dada yake. Miaka yote hiyo nilipita mjini nikizunguka njia ndefu ili nisipite pale. Siku hiyo nilipanda bajaji hadi mlangoni.

"Hodi."

"Karibu, sista." Hakusimamisha cherehani. "Nimesikia wamekuaga. Pole na hongera."

Amezeeka vizuri kuliko mimi. Akanionyesha kigoda, nikakaa. Sikujua pa kuanzia, nikaanza na bango. Nikamwambia walivyoandika, wake wenza wapendane. Akacheka mpaka akavua miwani. Na mimi nikacheka, na katikati ya kicheko nikaona hii ndiyo nafasi. Nikasema:

"Irushe nje ya ua."

Cherehani ikanyamaza. Alinitazama, si kwa ubaya.

"Umechelewa," akasema. "Na umekosea mahali."

"Generoza, nakuomba msamaha. Mwandiko ulikuwa wangu. Nilikuwa naujua."

"Unaniambia mimi? Mimi nilikuwa nabeba kasha la chanjo kichwani, najua mwandiko haukuwa wangu. Adelina naye anajua. Mwaka uliofuata alinitafuta, akanikumbatia, akaniambia angenikuta mimi ningemalizia. Wenye kujua tunajua. Hiyo nusu sikuiachia kibarazani kwangu, sista. Niliiachia kwenye kikao cha asubuhi. Kaimalizie huko."

Akakata uzi kwa meno, akanipa sketi nimshikie upindo. Tulifanya kazi hivyo hadi jua lilipoingia kibarazani. Nilipoaga aliniambia nisirudi mpaka nimefanya nililotumwa.

Kwa hiyo, wanangu, hii siyo zawadi ya kuwashukuru kwa keki. Nimemwomba Mfawidhi wenu wa sasa, ambaye ni mtu wa haki, aisome barua hii yote kwenye kikao cha asubuhi, watu wakiwa wamekaa, na mhudumu akiwa amepewa kiti. Bango msiling'oe. Futeni tu wino mwekundu kwenye ile ya saba, mahali pa maana pabaki peupe, ili mgonjwa akiisoma amwulize nesi, na nesi alazimike kujibu.

Kisha fungueni kabati la kumbukumbu la nyuma, rafu ya chini, daftari la wajawazito lenye gamba la kijani lililoliwa na mchwa pembeni. Tafuteni jina la Adelina. Safu ya mwisho mtaona herufi kubwa. Zilinganisheni na kadi zozote nilizoandika miaka hii sita. Pale pa sahihi bado ni tupu. Nimeweka ndani ya bahasha hii kipande cha karatasi chenye jina langu kamili na sahihi yangu, kibandikeni hapo.

Siku ile Generoza alikuwa njiani na kasha la chanjo, kwa amri aliyopewa mlangoni. Alinipa nusu ya kwanza mbele ya watu wanane, nami nikatazama sakafu. Ya pili ni hii, na isomeni kwa sauti:

Irushe nje ya ua.